Jiwe Lililotembea Nyabusalu

Nyabusalu, kwa njia ya Posta Kirumba
16 Novemba 1997

Mdogo wangu Justa,

Nimelishinda ziwa. Kama hukuelewa rudia tena, na umsomee jirani yako: mimi Luhaga ng'wana Shimba, mwenye miaka sitini na sita na meno kumi na moja, nimeliamuru Ziwa Viktoria lisimame na limesimama. Juzi lilikuja mpaka miguuni pa jiwe langu, likanitazama, nikalitazama, likarudi nyuma kama mkwe aliyekosea nyumba.

Haya, si kweli. Upepo uligeuka ukalisukuma kuelekea Ukerewe. Jana mchana limerudi, likaingia jikoni kwa jirani yangu Ojuok na kuondoka na sufuria.

Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Mwanangu Nestory bado yuko Igoma, anawachomelea matajiri mageti makubwa, na ndani ya mageti hayo hamna hata ng'ombe mmoja. Mguu wangu wa kushoto huuma mvua ikikaribia, kwa hiyo mwaka huu unauma kila siku. Samaki wapo. Magari ya barafu yanawafuata sangara mpaka huku, sisi tunabakiziwa vichwa, nasi tumejifunza kusema vichwa ndiyo vitamu. Binti yako Bernadeta je? Amejifungua? Mtoto wa kwanza akiwa wa kiume, jina langu lipo, halijachakaa.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita alikuja binti wa ofisi ya mkoa anaitwa Dorotea, ana miwani na mzigo wa makaratasi ya dodoso. Anazunguka myalo yote ya wavuvi kuuliza watu wanaonaje habari ya maji kupanda. Kila swali lina majibu matano: nakubali sana, nakubali, sijui, nakataa, nakataa sana. Akaniuliza, "Mzee, uko tayari kuhamia sehemu ya juu?" Nikamwambia, "Nakataa sana. Na kama lipo la sita, weka hilo." Rozina, mke wa Ojuok, akamwambia, "Andika kwamba serikali inataka kutufukuza ufukweni ili imuuzie mwekezaji wa kiwanda cha minofu." Mzee wa kanisa akasema Mungu alishatoa ahadi ya upinde wa mvua, na yeye si mwanasiasa. Mwingine akasema ziwa linadai mbuzi mweusi, na kwa kuwa mbuzi mweusi hapa ni wangu peke yangu, nikakataa sana hilo nalo. Na wote, Justa, wote walimaliza na neno moja: "Isitoshe, maji hayavuki jiwe la Luhaga."

Ni lile jiwe nililolipaka chokaa mwaka 74, Operesheni ya vijiji ilipowamwaga watu huku kwa malori. Wageni wakaniuliza mimi mwenyeji: zile mvua za baada ya uhuru, ziwa lilifika wapi? Nikawaonyesha. Basi kaya thelathini na moja zimejenga hatua chache juu ya jiwe hilo, miaka ishirini na tatu sasa.

Venant, mwenyekiti wetu wa kitongoji, anasema mkoa unataka ushahidi wa watu wawili walioyaona maji yale kwa macho. Wengine wamekufa, na waliobaki hawakumbuki hata walichokula asubuhi. Tumebaki mimi na wewe. Mwandikie Venant mistari miwili tu kwamba maji yaliishia kwenye jiwe. Usirefushe, utaharibu.

Ni mimi kaka yako,
Luhaga


Ng'ambo, Tabora
7 Desemba 1997

Kaka Luhaga,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na doa la chai lenye umbo la kikombe, nikajua kweli ni yako.

Huku hatujambo. Bernadeta amejifungua mapacha, Kulwa na Doto, wote wa kike, kwa hiyo jina lako endelea kulitunza. Wanapokezana kulia kama askari wa lindo. Nilidhani nimestaafu kazi ya wodini, kumbe nimehamishiwa wodi ya watu wawili, isiyo na mshahara wala likizo. Mvua na huku imefungua kinywa. Redio inaiita Elinino. Mkwe wangu anasema likiwa na jina la kigeni lazima litakaa sana.

Nimeisikitikia sufuria ya Rozina. Mpe pole, mwambie akipata dagaa waliokauka vizuri anikumbuke. Mguu wako ukandwe kwa maji ya moto na chumvi. Najua hutafanya, lakini nimeshasema.

Umeniuliza juu ya jiwe. Nililiona nilipokuja kumzika wifi mwaka 83. Lilikuwa jeupe sana. Nilidhani mmelipaka ili kuupokea Mwenge.

Kwa Venant sijaandika. Mkono unaniuma.

Nami nina swali dogo, maana uzee unanisahaulisha. Mama yetu alikuwa anaanika wapi udaga wake wa mihogo?

Mdogo wako,
Justa


Nyabusalu
30 Desemba 1997

Justa, wewe bibi,

Marahaba. Mkono unaouma umeandika kurasa mbili na kuniagiza chumvi! Hongera kwa Kulwa na Doto. Waambie babu yao ni mtu mrefu, mzuri, mwenye ng'ombe. Watakapokuja kuona wenyewe watakuwa wameshanipenda.

Krismasi tulikula sato mmoja watu saba, na tulimsifu kama ng'ombe. Nestory alikuja na redio ya kaseti, ikaimba mpaka betri zikakata roho.

Udaga alianika kule juu kwenye jabali, nani asiyejua? Swali gani hilo? Mimi nimekuuliza habari ya maji, wewe unanijibu habari ya mihogo.

Maji yamefika kwenye jiwe. Yalililamba siku tatu, yakalizunguka, sasa yamelikalia kama kuku anayeatamia. Nami sikukaa bure. Nilikuwa na chokaa imebaki kwenye ndoo. Nikapaka jiwe jingine, hatua nane kulipita lile. Kazi ya dakika kumi. Watu wakapita na ndoo zao, wakatazama, wakasema, "Afadhali, bado halijafika jiwe la Luhaga." Watu wazima, Justa! Wenye kadi za kupigia kura!

Ojuok peke yake alisimama. Yeye ni mvuvi, anajua kila kokoto kwa jina. Akaniambia, "Mzee, jiwe lako linatembea."

"Hata wewe ungetembea, maji yakikufika magotini," nikamjibu.

Hakucheka. Ojuok huyu aliyecheka siku mtumbwi wake ulipozama.

Sasa hivi watu wanainua vitanda kwa matofali. Kila maji yakipanda wanaongeza tofali. Rozina amefika tofali la nne. Nilimuuliza atahama lini, akasema, "Kichwa kikigonga paa." Mwaka ule wa 74 waliletwa hapa kwa malori, nyumba zao za zamani zikiwaka moto nyuma yao. Leo mtu wa serikali akisema hameni, hata kama mto wa mamba unapita sebuleni, mtu anaongeza tofali. Mimi siwalaumu.

Lakini hilo si lako. Lako ni mistari miwili kwa Venant. Mimi nilikuwepo, kama unavyojua, na wewe ulikuwepo. Tuseme neno moja.

Kaka yako,
Luhaga


Ng'ambo, Tabora
18 Januari 1998

Kaka,

Shikamoo. Mapacha hawajambo. Salamu zimeisha.

Nimekaa na barua yako, nikaosha vyombo nayo, nikafua nepi nayo, na haikuondoka kichwani. Basi nitaandika mara moja, mkono uume.

Mwaka 64, mwezi wa nne, ziwa liliingia kwa mama. Sikwambii nilivyosimuliwa, nakwambia nilichokikanyaga. Baba alikuwa ameshakufa. Tulikuwa wawili nyumbani. Nikasema tuhame, mama akasema, "Luhaga ametuma neno kwamba anakuja kutuhamisha. Tumsubiri." Nikachoma vijiti ufukweni kila asubuhi ili nimwonyeshe yanavyopanda. Akawa anaviangalia na kusema, "Ataona akija." Tulisubiri wiki tatu. Ukuta wa nyuma ulipokwenda na maji nilimbeba mgongoni, nikapanda naye mpaka kwenye jabali lake la udaga. Tukakaa hapo chini ya turubai la misheni. Maji yakatufuata. Yaliishia kwenye jabali lenyewe, upande wa chini, penye ule ufa unaofanana na kwato. Nilikuwa nikinawa miguu nimekaa pale mama alipokuwa akianika. Yalikaa miezi miwili. Kifua alichokipata mama pale hakikumwacha mpaka Februari ya 65, tulipomzika.

Barua yako kutoka Korogwe, kwenye mkonge, ilifika mwezi wa sita. Ilisema unakuja.

Wewe hukuwepo, kaka. Jiwe lako la chokaa liko chini ya jabali lile kwa mwinuko wa nyumba nzima na zaidi. Nililiona mwaka 83 nikajua, nikanyamaza kwa sababu ulikuwa umefiwa na mke, na mwaka uliofuata nikanyamaza kwa sababu nilishanyamaza. Kosa langu nalo lipo, nalibeba mwenyewe.

Lakini kaya thelathini na moja zinakusubiri wewe, kama mama alivyokusubiri.

Barua hii sikukuandikia peke yako. Isome mbele za watu, yote, bila kuruka. Usipoisoma usinijibu.

Justa


Nyabusalu
1 Machi 1998

Justa,

Barua yako ya Januari imefika tarehe 24 Februari. Reli ilikatika kwa mvua, ikakaa sijui stesheni gani, ikaja na basi, imelowa pembe moja. Inasomeka.

Nestory hajambo. Mbuzi hawajambo. Mvua inanyesha.

Umesema nisipoisoma nisijibu. Nimejibu, na sijaisoma. Yaani nimeisoma mimi, mara nyingi, lakini peke yangu. Nimeiweka kwenye kopo la kahawa, nikalichomeka katikati ya nyasi za paa, pasipofika maji.

Sina utani leo. Ulisoma kunizidi, ndiyo maana unaandika hivi.

Luhaga


TELEGRAMU
Posta Tabora, 11 Machi 1998

KAKA SOMA BARUA MBELE ZA WATU NASUBIRI JUSTA


Nyabusalu Juu
7 Juni 1998

Kwako Justa, mdogo wangu, shahidi mkuu wa Nyabusalu nzima,

Tumeshinda. Safari hii ni kweli, na usinitazame hivyo. Nitakusimulia kwa utaratibu, maana wanaosimulia hapa ni wengi na kila mmoja anajiweka mbele.

Lakini salamu kwanza. Mimi mzima. Nestory amejenga chumba kingine Igoma, ananiita nikakae huko, namwambia mji usio na mahali pa kutemea mate mimi siuwezi. Kulwa na Doto wameota meno? Mimi limeng'oka moja, kwa hiyo ukoo haujapungukiwa.

Sasa. Telegramu yako, ewe mwanamke usiye na aibu, haikuwa na bahasha. Venant aliichukua Posta ya Kirumba pamoja na barua za kitongoji, akaisoma akiwa mtumbwini, na waliokuwa naye mtumbwini wakasomewa. Alipokanyaga nchi kavu, au tuseme matope, watu kama arobaini walikuwa mwaloni wanangoja magari ya barafu. Akanyanyua karatasi. "Mzee Luhaga! Barua gani hii unayoambiwa usome?"

Ulimi wangu unaujua. Ulishaanza kusema ni habari ya mahari ya mjukuu. Lakini Rozina alikuwa amekaa juu ya kichanja chake cha kuanikia dagaa, na maji yanapita chini ya kichanja, na pembeni yake amepakata godoro lililokunjwa, analishikilia kama mtoto. Alikuwa amefika tofali la sita. Kanitazama tu. Nikaona vile vijiti vyako, Justa. Nikaenda nikachomoa kopo kwenye nyasi.

Nilisoma kwa kidole, neno kwa neno. Shule yangu ya darasa la nne ilitosha mpaka "tulisubiri wiki tatu". Nilipofika pale pa "wewe hukuwepo" macho yakateleza yenyewe mpaka mstari wa chini. Venant alikuwa nyuma ya bega langu. Akaniambia taratibu, "Mzee, umeruka." Basi nikarudi nikasoma. Nikasoma na Korogwe, na mkonge, na mwezi wa sita. Halafu nikawaambia kwa mdomo wangu kwamba jiwe lile nililichagua mwaka 74 kwa sababu lilikuwa karibu na kiwanja changu, na kwamba la pili nililipaka mwenyewe Krismasi. Ojuok akasema, "Nilijua," mke wake akampa talaka ya macho, maana alijua na hakusema.

Wa kwanza kucheka alikuwa Rozina. "Miaka ishirini na tatu," akasema, "nimelala usingizi nikiegemea jiwe la muongo!" Nikajua nimesamehewa nusu.

Nusu ya pili ndiyo ilikuwa kazi. Maana nani aliyehama? Hakuna! Mmoja akasimama: "Kama alitudanganya jiwe la chini, hili la juu tutaliamini vipi?" Mwingine akasema labda mwekezaji amenipa kitu kidogo. Mimi! Mtu ninayekula vichwa vya sangara! Barua yako waliiamini, Justa, wengi walilia, mama zao nao walisubiri watu. Lakini kuamini ni kitu kimoja na kubomoa nyumba ni kingine. Siku nne zikapita, Rozina akatafuta tofali la saba.

Ndipo nikakumbuka ugonjwa wetu Wasukuma. Wewe unaujua: Bagika na Bagalu. Tangu mababu, pande hizi mbili za ngoma hushindana kila mwaka nani amevuta watu wengi, na si ngoma tu. Bagika wakilima ekari moja, Bagalu hawali mpaka walime mbili. Serikali haiwezi kuwahamisha watu hawa, wala ziwa haliwezi. Lakini Mgalu anaweza kumhamisha Mgika bila hata kumgusa.

Nikaenda kwa manju wa Bagika, kiongozi wao wa ngoma, nimeegemea fimbo, nimejaa huzuni. "Nahama," nikamwambia. "Paa langu la msonge nalitaka juu kwenye jabali likiwa zima. Bagalu wanasema nisijisumbue kuwaita nyie, mmezoea kunyanyua vibuyu vya pombe." Halafu nikavuka kwa manju wa Bagalu, huzuni ile ile, maneno yale yale, nimegeuza majina tu.

Jumamosi ya tarehe 21 Machi walikuja wote. Si msimu wa ngoma, lakini walikuja na ngoma, na njuga, na manyoya ambayo huwa hayatoki mpaka baada ya mavuno. Wakasimama pande mbili za nyumba yangu, wanatazamana. Paa moja, vikundi viwili. Fimbo zilikuwa karibu kuongea.

"Tumpate mwamuzi," nikasema. "Asiye na upande." Na Mjaluo tuliyenaye ni Ojuok, mtu ambaye ngoma yetu akiisikia anaziba masikio. Wakakubali. Ojuok akapanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa akasema, "Paa moja halishindanishi mtu. Yawe mawili. La mzee na la kwangu."

Justa, ungekuwepo! Paa linaondoka ukutani zima, kama kofia ya mtu anayesalimia. Miguu arobaini chini yake, juu yake majani, ukitazama kwa mbali ni kobe wawili wakubwa wanapanda mlima wanaimba. Bagika waliimba kwamba Bagalu wamebeba kiota cha ndege. Bagalu wakajibu kwamba Bagika wamesimama kukojoa. Wanawake walitangulia na majembe, wanachimba mashimo ya nguzo, maana kuta hatukuzihitaji. Kuta ni udongo, na udongo hata juu upo. Paa ndiyo nyumba.

Walifika jabalini. Bagika walitangulia kwa mwendo wa hatua ishirini, kila mwenye macho aliona. Ojuok akafikiri, akakuna kidevu, akasema, "Sare."

Kelele ilisikika Ukerewe. "Sare vipi?" "Basi tena!" "Leteni mengine mawili!" Wakashuka mbio. Mapaa mengine mawili yakapanda. Bagalu walifika watu wakiwa bado hawajawaona Bagika. Ojuok akakuna kidevu. "Sare."

Mara ya tatu nilimtazama yule Mjaluo nikaelewa. Huyu aliyenyamaza Krismasi alikuwa analipa deni lake pale pale, kwa neno moja. Mwenye nyumba hakuulizwa tena kama anakubali sana au anakataa. Alirudi kutoka ziwani akakuta kuta zake hazina kofia, na kitanda chake kimekaa juu jabalini, kina kivuli. Mzee wa kanisa alilikimbilia paa lake akipiga kelele za upinde wa mvua. Alipolifikia akaona Bagalu wamelichelewesha, akaanza kusukuma mwenyewe.

Nyumba za nyasi zilikuwa ishirini na tatu. Sare zilikuwa kumi na moja. Likabaki paa moja, la mama mmoja mjane, na jua limeegemea. Pande zote mbili zililishika, na hakuna aliyetaka kuachia, basi wakalipandisha wote pamoja, wanaimba nyimbo mbili kwa wakati mmoja, mbaya kuzisikia, na mimi sijasikia kitu kizuri kama hicho tangu nizaliwe.

Waliokuwa wakitucheka siku zote kwa nyasi zetu, wale wanane wenye nyumba za bati, walibaki chini wanang'oa misumari. Mwenyekiti Venant alipandisha bati lake la mwisho Jumatano, vidole viwili vimefungwa kitambaa. Tulimpokea kwa vigelegele.

Ziwa lilikuja mwezi wa nne, likazidi wa tano. Lilipita jiwe la kwanza, likapita la pili, likaingia milango yote tuliyoiacha likakuta hamna mtu wa kumtisha. Kuta zikayeyuka kama sukari. Sasa hivi Ojuok anafunga mtumbwi kwenye nguzo ya mlango wangu wa zamani. Tumehesabu watu, hakupungua hata mmoja. Tumehesabu kuku, wameongezeka, nadhani wengine ni wa jirani. Safari hii maji yamesimama hatua kumi na mbili chini ya jabali. Mwalo tumeupandisha pamoja nasi, na magari ya barafu, waungwana wale, yamejifunza njia mpya bila kuuliza. Na mwekezaji hajaonekana. Kama yupo, anavua ndani ya kiwanja chake.

Yule binti Dorotea amerudi na dodoso. "Mlionaje wazo la kuhama?" Nakubali sana, nakubali sana, mpaka kalamu yake ikaisha wino. Na wazo lilikuwa la nani? La Venant. La mzee wa kanisa. La manju wa Bagika. La manju wa Bagalu. Rozina alisema lilikuwa lake, alilipata kwenye tofali la sita. Nilipofikiwa mimi nikajibu, "Sijui." Ni mara yangu ya kwanza kuweka jibu la katikati.

Sasa la kwetu wawili, sikutaka kulitanguliza lisije likaharibu ngoma. Nilikuwa Korogwe. Neno lako la kwanza nililipata mwezi wa nne, nikasema nimalize mkataba, nitakuja wa tano. Mwezi wa tano nikasema wa sita. Hakuna lililonizuia. Mama alinisubiri na mimi sikuja, ukambeba wewe. Miaka thelathini na nne nimekuwa nikiwaambia watu kwamba nilikuwepo, mpaka nikawa naukumbuka ubaridi wa maji yale. Hayakuwa yangu. Yalikuwa yako. Nisamehe, Justa.

Imebaki kazi moja. Mwalimu wa shule ameleta rangi nyekundu, ya mafuta, isiyofutika, tupige alama ya kweli ya mwaka 64, ili atakapozaliwa Luhaga mwingine akose pa kupaka chokaa. Nikachukua brashi. Rozina akaninyang'anya. "Siyo wewe," akasema. Nikawaonyesha ufa, nikawaambia ndio ule wa kwato. Kumbe jabali lina nyufa tatu, na zote zina kwato. Mkutano umepiga kura, Bagika na Bagalu kwa sauti moja, kwamba rangi haitaguswa mpaka aje aliyenawa miguu pale.

Treni imeanza tena. Na kabla hujaniambia habari ya mapacha, nikukumbushe mwaka 46 misheni. Nani alimfungulia mbuzi wa Padri akala maua ya altare? Na nani alisema "ni mimi" akachapwa sita, wewe umejificha nyuma ya kisima unatafuna muwa? Sijawahi kukudai. Nakudai leo. Panda treni, uje uweke kidole chako kwenye jabali pale maji yalipofika. Kidole kimoja tu, Justa, hata cha ule mkono unaouma.

Kaka yako,
Luhaga